Mahali Mstari Unapokata

Tangu asubuhi Bibi alikuwa na macho mawili na kazi mbili: moja kwa mumewe kitandani, moja kwa mshale wa mtungi wa oksijeni. Mshale ulikuwa unashuka. Gari la mtungi mwingine lilikuwa limekwama njiani, na dereva aliapa kwenye simu kwamba saa kumi na moja atakuwa mlangoni.

"Gesi itatufikisha?" Bibi aliuliza.

"Ngoja nipige hesabu," alisema mjukuu wake, msichana wa sekondari, akachukua karatasi. "Saa nne ilikuwa mia moja na ishirini. Kila saa inapungua ishirini. Nikichora mstari, nitaona unakata mhimili wapi, yaani gesi inaisha saa ngapi."

Babu, fundi wa kuchomelea vyuma enzi zake, akafumbua jicho moja. "Mimi mwenyewe sijakata roho, huo mstari una haraka gani?"

"Mzee, tunza pumzi," Bibi akamwambia, akicheka bila kutaka.

Msichana akaweka sifuri mahali pa saa. Akapata mia moja na ishirini, akatabasamu, kisha uso ukamshuka. "Hapa ndipo tulipoanzia." Akafuta. Safari hii akaweka sifuri mahali pa gesi. Ikatoka sita. Saa sita tangu saa nne: saa kumi. Gari litakuwa bado.

Bibi alikiona kidole cha msichana kimeganda kwenye karatasi, akaelewa.

"Basi punguzeni gesi," Babu akasema, akizisoma nyuso zao.

Nesi wa zahanati, walipompigia, alikubali kwa simu: kidogo tu, na akihangaika kupumua mwongezeeni tena. Bibi akazungusha koki ya mtungi. Msichana akachora mstari wa pili, uliolala zaidi, ukakata baada ya saa kumi na moja. Babu akaomba auone.

"Huo sasa una adabu," akanong'ona.

Hakuhangaika hata kidogo. Alilala, mkono wake ndani ya mkono wa Bibi, mpaka ukawa mzito.

Dereva aliwahi kuliko alivyoahidi, mtungi begani, jasho likimtiririka. Alipoona shuka limefunika uso, aliutua mtungi polepole usigonge sakafu, akavua kofia.

"Nilikosea wapi, Bibi?" msichana alilia. "Gesi bado ipo!"

Bibi akamvuta kifuani. "Hukukosea, mama. Uliulizwa ya gesi, ukajibu ya gesi."

Kisha akanyoosha mkono akafunga mtungi, maana ulikuwa bado unapuliza.