Kisigino cha Bi Tabu

Tangu jirani yao avunjike nyonga kwa kuteleza uani tu, Asadi alimkataza mama yake kwenda mwambani kutafuta pweza. Kwa miezi minane Bi Tabu, mwenye miaka sitini na tisa, alikaa barazani akiwasikia wenzake wakiteremka pwani kila bamvua, maji yanapotoka mbali.

"Mifupa ya wazee ni biskuti, mama," Asadi alimwambia kila alipolalamika.

Siku moja wakasikia kwamba mjini Mtwara kuna mashine ya kupima uimara wa mifupa. "Twende," alisema Bi Tabu. "Ikisema biskuti, sitii mguu baharini tena. Ikisema vingine, utanyamaza."

Asadi alikubali, maana alikuwa na hakika.

Hospitalini Mtwara, Nesi Magreth alimpaka Bi Tabu mafuta mazito ya baridi kisiginoni kabla ya kukiweka kwenye mashine.

"Kisigino tu? Mbona nina mifupa mwili mzima?"

"Hiki kinatusimulia habari za mingine, bibi."

"Basi kisiseme uongo. Huyu mwanangu anataka kunigeuza mtungi wa kuwekwa pembeni."

Magreth alisoma namba, kisha akazirudia. Bi Tabu alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mifupa imepungua uimara kidogo, kama umri unavyotaka," alisema nesi. "Lakini bado ina nguvu. Unafanya kazi gani?"

"Pweza. Miaka hamsini. Sasa nimekatazwa."

"Na nani?"

"Mimi," Asadi alisema, akitazama sakafu. "Niliogopa."

"Kukaa ndiko kunakoidhoofisha, kaka. Atembee, ale dagaa wazima pamoja na mifupa yao, avae viatu visivyoteleza. Na asiende peke yake."

"Nitakwenda naye."

Bi Tabu alicheka mpaka watu wa kwenye foleni wakachungulia. "Wewe? Unayeshinda umekaa dukani?"

Bamvua lililofuata, wanawake mwambani walimwona Asadi akihema nyuma ya mama yake, ndoo mkononi, maji magotini.

"Bi Tabu, leo umetuletea mgonjwa?" Saida, mmoja wao, aliuliza kwa sauti.

"Ni mlinzi wangu. Msimcheke, yeye bado hajapimwa."

Asadi mwenyewe alicheka kuliko wote. Mama yake alikwisha kuinama, chuma chake cha kumchokoa pweza kikiwa tunduni, na pweza alipotoka alimzunguka Asadi mkono hadi kwenye kiwiko.

"Tulia, mwanangu," alisema Bi Tabu, akimbandua taratibu. "Maji yanarudi, na nina matundu manne bado."