Maji Mabichi

Mtaani walimwita Cheche, kwanza kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, pili kwa hasira zake, ambazo ziliwaka upesi na kuzimika upesi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mkewe alikwishaondoka siku nyingi, bila ugomvi mkubwa, na ndani ya nyumba yake ya vyumba viwili sasa aliishi na mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa mkulima tangu ujana wake. Siku moja alipotea akitoka shambani kwake mwenyewe, kwenye njia aliyoipita miaka arobaini, na waliomkuta jioni walisema alikuwa akiwauliza wapita njia nyumba ya marehemu baba yake. Wanawe wawili wakashauriana kwa simu. Dada mkubwa aliishi mbali na alikuwa akimuuguza mumewe, hivyo Cheche akasema basi, mama atakuja kwake. Akaihamisha mashine yake kutoka karakana akaileta nyumbani, asije akamwacha bibi wa watu peke yake.

Tatizo lilikuwa ua. Ulikuwa saruji tupu, ukuta hadi ukuta. Asubuhi moja Cheche alitoka kunawa uso akamkuta mama yake amepiga magoti katikati ya ua, kijiko cha chai mkononi, anachimba. Kwenye pindo la nguo yake alikuwa amefunga maharage aliyoyachota jikoni. Kijiko kilikuwa kimepinda kama ndoana, na vidole vilikuwa vinachuruzika damu.

"Udongo wa huku mgumu," alisema, kama anayezungumza na jirani wa shamba. "Tukichelewa kupanda hatuvuni kitu."

Cheche alimfunga vidole kwa kitambaa. Siku hiyo mashine hakuiwasha.

Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa Mwalimu, mama mmoja aliyefundisha sayansi sekondari. Mwaka uliopita Cheche alikuwa amemtengenezea fremu ya chuma kwa ajili ya shule, na alikumbuka kwamba juu ya fremu ile wanafunzi walipanda mboga bila udongo, na chini yake wakafuga samaki. Jioni hiyo akaenda kubisha hodi. Mwalimu alimchorea kila kitu nyuma ya karatasi ya mtihani: tangi la samaki hapa, kitanda cha kokoto hapa juu, pampu ya kupandisha maji, bomba la kuyarudisha. Samaki wanachafua maji, uchafu ule unakuwa chakula cha mboga, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi.

"Ila usitie samaki upesi," alimwambia. "Maji mapya ni mabichi. Yanataka wiki tano, sita, ndiyo yaive. Kuna vijidudu vinajijenga kwenye kokoto, na bila hivyo uchafu haugeuki kitu. Ndugu yangu, unafuga vitu vitatu, si viwili."

Cheche alisikia habari za pampu, mabomba na kokoto, maana hayo yalikuwa mambo yake. Habari ya wiki sita iliingia sikio hili ikatokea lile.

Alijenga kwa siku nne. Fremu aliiunga kwa mabaki ya mageti. Tangi la lita mia tatu akaliweka kivulini, pipa la plastiki akalipasua kwa urefu vikapatikana vitanda viwili vya kupandia, vyenye umbo la dau, kokoto akaziosha mpaka maji yake yakawa ya kunywa. Mama alikaa kwenye kigoda akitoa amri. Kaza hapo. Hapo pamelala. Wewe fundi, mbona unafanya kazi kama unakimbizwa? Cheche alicheka na kukaza. Zilikuwa siku nne nzuri. Baadaye alizihesabu mara nyingi kichwani, na kila mara zilikuwa nne tu.

Alijaza maji, akayaacha siku mbili dawa iliyomo kwenye maji ya bomba iishe, na siku ya tatu akaenda kwa mfugaji kuleta perege wadogo thelathini. Akapanda na miche ya spinachi. Mama alipowaona samaki wakizunguka alicheka kicheko ambacho Cheche hakukisikia tangu amlete. Akamkabidhi kopo la chakula chao: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, hiyo ndiyo kazi yako mama.

Mama aliishika kazi hiyo kama mtu aliyeajiriwa. Alilisha asubuhi. Akakaa kidogo, akasahau, akalisha tena. Kabla ya mchana mara nne, mara tano. Cheche aliona kopo linapungua mbio na akanyamaza, kwa kuwa mama alikuwa akiimba. Wiki haijaisha maji yakawa kama yaliyooshewa mchele, yana harufu ya choo. Samaki walipanda juu wakitweta, midomo wazi. Cheche akadhani wamemzoea, wanamwamkia.

"Wana njaa hawa," mama akasema, akawatupia tena.

Asubuhi ya siku ya tisa alikuta samaki ishirini na saba wanaelea, matumbo juu. Watatu waliobaki walikuwa wanaogelea kiubavu. Mama alikuwa amesimama pale pale, kopo mkononi, anawatupia chakula maiti.

"Umewaua!" Cheche alipiga kelele. "Kijiko kimoja nilikwambia, kimoja! Kila unachogusa unaharibu."

Akamnyang'anya kopo, akalivurumisha. Lilipita karibu na bega la mama likagonga ukuta, chakula kikamwagika ua mzima.

Mama aliinua mkono akajikinga uso.

Katika maisha yake yote Cheche hakuwahi kuuona mkono ule ukiinuliwa hivyo. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga. Hasira zilimtoka papo hapo. Aliomba radhi, akamshika mabega, akamkalisha, akamletea chai. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru askari.

Ilipofika adhuhuri hakukumbuka tena samaki wala kopo. Lakini woga ulibaki. Yaliyosemwa yalimtoka kichwani, ila mwili ulishika kwamba mwanamume huyu ni wa kuogopwa. Cheche akiingia chumbani, mama alisimama. Chakula alikila amegeukia ukutani. Chini ya mto wake Cheche alianza kukuta vipande vya mkate vilivyofichwa. Na uani hakutoka tena.

Mwalimu alikuja siku ya pili yake na kijisanduku cha dawa za kupimia. Alichota maji kwenye kichupa, akatia matone, akasubiri. Maji yakageuka kijani kizito. Akakiinua kichupa kwenye mwanga na kuguna.

"Sumu hii. Inatoka kwenye mkojo na kinyesi cha samaki wenyewe, na chakula kinachooza. Maji yaliyoiva yana vijidudu vya kuigeuza. Haya yako hayana."

"Mama aliwalisha kupita kiasi," Cheche alisema.

"Ndiyo, aliwalisha kupita kiasi. Lakini samaki thelathini kwenye maji ya siku tatu, hata angewalisha malaika kwa kipimo, wangekufa tu. Wangechelewa wiki moja, basi."

Cheche alikaa kwenye ukingo wa fremu.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni haraka yako," Mwalimu akajibu, akikiosha kichupa. Alikuwa mama mwema, na habari za kopo hakuwa nazo.

Wale samaki watatu nao wakafa. Cheche alilimwaga tangi, akaliosha bila sabuni, akajaza upya. Mwalimu alimletea ndoo ya kokoto kutoka shuleni, zenye utelezi, akamwambia azichanganye na zake, ndiyo mbegu ya vile vijidudu. Kisha akamwelekeza kutia chembe chache za chakula kwenye tangi lisilo na samaki, zioze, vijidudu vipate riziki. Baada ya hapo hapakuwa na kazi nyingine ila kungoja.

Kungoja kulimtesa. Chuma ukikitia moto kinakubali pale pale. Ukikosea, unakata unaanza upya. Hapa kazi ilifanywa na kitu asichokiona, ambacho hakikusikia amri wala matusi. Kila asubuhi alipima kwa dawa alizoachiwa na Mwalimu. Kijani. Kijani. Wiki ya tatu kijani kilekile, akatamani kulipiga teke tangi. Akaenda kukaa nje ya geti mpaka moyo ukatulia.

Ndani ya nyumba nako alijifunza kungoja. Aliacha viatu mlangoni ili vishindo visimshtue mama. Hakumjia tena kwa nyuma. Alipopeleka chakula, alikiweka mezani, akaketi mbali, mikono yake ikionekana. Kuna siku mama alikula chote. Kuna siku alikiangalia tu mpaka kikapoa, na Cheche akakiondoa.

Wiki ya sita maji ya kichupa hayakugeuka kijani, yalibaki ya njano kama chai ya mgonjwa. Mwalimu alipima mwenyewe, akatabasamu, akasema sasa yameiva, anza na watano. Cheche akatia watano, akapanda miche, na kopo akalifungia kabatini.

Spinachi zilipofika kimo cha kiganja, mama alitoka mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikiburuta kigoda mpaka mwisho wa dau, akakaa akiyatazama majani. Cheche, aliyekuwa akinyoosha bomba, hakusogea. Kesho yake mama akatoka tena, na keshokutwa. Siku ya tano alinyoosha mkono, akachuma. Alichukua majani ya nje tu, akiyavuta kwa chini kidogo, yakiachia kwa mlio mmoja laini. Vidole vile vilivyokuwa vimesahau vifungo vya gauni havikukosea hata jani moja.

"Moyo usiuguse," alisema bila kumtazama. "Ukikata moyo umeua mboga."

"Nimesikia, mama."

"Fundi, wewe una mama?"

Cheche aliweka bomba chini. "Ninaye."

"Mtunze." Akachuma majani mawili matatu. "Mimi nina kijana wangu, kitindamimba. Ni fundi kama wewe. Alizaliwa siku zake hazijatimia, na hiyo haraka hajaiacha mpaka leo."

Cheche alicheka. Alikuwa na maneno aliyoyabeba miezi miwili, na hakuona siku nyingine ya kuyasema.

"Hajawahi kukupigia kelele, huyo kijana wako?"

Mama aligeuka akamkazia macho, kama mtu aliyetukaniwa mwanawe.

"Nani, mwanangu? Mwanangu hawezi. Kulikuwa na bwana mmoja hapa, mkali, alinitupia kopo. Nilimwomba Mungu mwanangu asije akakutana na mtu yule."

Pampu ilivuma, maji yakawa yanashuka kwenye tangi. Cheche alitaka kumwambia, ni mimi, mama, nisamehe. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliona kwamba akiitoa, atajipunguzia mzigo wake kwa kumnyang'anya mama yule kijana mwema aliyekuwa amebaki naye. Akaimeza.

"Bwana yule ameondoka," alisema. "Harudi tena."

"Afadhali." Mama alikusanya majani, akayafunga kwa jani moja refu, akampa. "Haya mpelekee mama yako."

Cheche aliyapokea kwa mikono miwili. Jioni aliyapika akamletea, na mama akayasifu, akauliza yametoka shamba gani.

Aliishi miezi mitano zaidi. Siku nyingine alitoka uani, siku nyingine hakujua uani ni wapi. Mwisho miguu ilikataa, kisha kifua kikabana, na mchana mmoja, dirisha likiwa wazi, alipumua mara moja kwa nguvu na hakupumua tena. Cheche alikuwa ameushika mkono wake. Alingoja muda mrefu, pengine angefumbua macho amwite mwanangu mara moja tu, hata kwa kubahatisha. Hakumwita.

Dada mkubwa alifika siku ya mazishi. Siku ya nne, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, waliketi wawili uani, na Cheche akamsimulia habari ya kopo tangu mwanzo, bila kujipunguzia. Dada yake alisikiliza akikunja na kukunjua kitambaa mapajani.

"Mimi aliniita jina la marehemu mama mdogo, kwenye simu," akasema hatimaye. "Mara tatu. Nikakata. Nikakaa wiki saba bila kupiga, mdogo wangu. Nilikuwa nakwambia mtandao mbaya."

Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba si neno.

"Aliwahi kunitaja?" dada akauliza.

Hakuwahi. "Alikuwa akisema ana binti mwenye sauti nzuri," Cheche akajibu.

Dada alijua kwamba hilo limetungwa pale pale. Alimshika mkono akashukuru.

Alisafiri Jumamosi. Cheche alimsindikiza mpaka kituoni, akarudi, akafungua geti. Wiki nzima ya msiba hakuna aliyechuma mboga, na spinachi zilikuwa zimerefuka mashina na kutoa maua. Samaki wote watano walikuwa wazima, wakubwa kama kiganja cha mtu mzima. Aliwalisha. Kisha akachuma majani yaliyobaki, akayaosha, akayapika kwa chumvi, akakaa mezani peke yake. Yalikuwa machungu, kwa sababu spinachi ikishatoa maua huwa chungu. Aliyala yote.