Kufuli la Shangazi

Kuna watu hawawezi kupita jikoni bila kufunua sufuria. Fundi wetu hakuwa na shida na sufuria. Ugonjwa wake ulikuwa kufuli. Akiliona limefungwa, vidole vinamwasha. Hata kanisani, mchungaji alipohubiri habari za lango la mbinguni, yeye alikaa akijiuliza lina kitasa cha aina gani, na nani anakitia mafuta. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kwenye kona ya barabara, kati ya duka la viatu na kinyozi, funguo zimening'inia ukutani hadi darini, na mtaani hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda.

Basi Alhamisi moja alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa, anaupitisha tupa, Mama Amri akaingia. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafundisha watoto wa kipaimara. Jina walimpa watoto wenyewe, maana alizijua amri kumi mbele na nyuma, na aliwadai nao wazijue hivyo hivyo.

"Fundi, weka chini hiyo tupa," alisema. "Shangazi amekataa amri yake."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa binti wa kwanza wa fundi, msichana wa miaka kumi na minne, aliyepata jina hilo tangu mdogo kwa jinsi alivyopenda kuwasahihisha wakubwa. Jumapili hiyo alikuwa apokee kipaimara na wenzake. Desturi ya kanisa lao ilikuwa kwamba kila mtoto asimame mbele ya waumini, mzazi mmoja ubavuni, aseme kwa kichwa amri aliyopangiwa, kisha aahidi kuishika. Mzazi anaitikia amina. Shangazi alikuwa amepangiwa ile ya kuwaheshimu baba na mama.

"Amekataaje? Ameisahau?"

"Kusahau? Huyo? Ameniambia hivi: 'Mwalimu, naijua, ila nikiiahidi nitakuwa nasema uongo kanisani, na uongo nao una amri yake.' Nimemuuliza kwa nini, kafunga mdomo. Jumapili nitamwita kama wenzake, lakini akinyamaza sitamlazimisha. Atangoja mwaka mwingine."

Fundi aliingiwa na hofu. Aibu ile angeiweka wapi? Lakini ndani ya hofu kulikuwa na kiwasho chake cha siku zote: alitaka kujua. Alijikagua juu hadi chini asione kosa. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa fimbo, na wanawe hawakuwahi kulala njaa.

Jioni alimuuliza mkewe, aliyekuwa anakunja nguo.

"Hata mimi hajaniambia," alisema mkewe. "Si wewe bingwa wa kufungua vilivyofungwa? Haya, kaongee naye."

Alimkuta Shangazi uani, anasugua raba zake za shule kwa mswaki mkuukuu.

"Mwanangu, nasikia hutaki kutuheshimu."

"Sijasema sitaki. Nimesema siwezi kuahidi."

"Kwa nini?"

Shangazi aliendelea kusugua. "Baba, kufuli la sanduku langu lilikuwa gumu. Lazima ulitingishe weee, ndiyo lifunguke. Wiki iliyopita nimetia ufunguo, likafunguka bila kelele. Nani kalitia mafuta?"

Hapo fundi akajua yamemfika. Kweli, alikuwa amelifungua. Siku hiyo alibaki nyumbani peke yake, akapita chumbani kwa watoto, akaliona lile sanduku dogo la bati chini ya kitanda, na vidole vikamwasha. Kwa kipande cha waya lilikuwa jambo rahisi kama kupiga chafya. Akachungulia, akafunga, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mwizi mwenye akili angeishia hapo. Lakini kufuli lilikuwa limekauka, lina kutu, linalia kama mtoto mgonjwa, na fundi gani anaweza kuliacha kufuli katika hali hiyo? Akatoa kichupa mfukoni, akalidondoshea mafuta, akaondoka zake akijiona mtu mwema. Ndiyo maana hata hakulikumbuka kama kosa.

"Lakini mle hamkuwa na kitu!" alijitetea. "Vifungo, kokoto, picha nusu, karatasi ya peremende. Sasa mtu anafungia kokoto?"

Aliuliza kwa dhati. Tangu siku ile zile kokoto zilikuwa zinamsumbua akili.

Shangazi aliweka kiatu chini. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Kilikuwepo kitu, Baba. Palikuwa mahali pangu. Nalala na wadogo zangu, navaa nguo za dada binamu, sahani, kitanda, kila kitu ni cha wote, na sigombi. Hapo tu ndipo palikuwa pangu. Ungeniomba ningekuonyesha."

"Nikuombe? Baba yako? Nyumba yangu, na hilo sanduku nimelinunua mimi!"

Binti aliokota viatu vyake akaingia ndani, wala hakuubamiza mlango. Angeubamiza, fundi angalau angepata la kumgombeza.

Kesho yake alikwenda kushtaki kwa Mama Amri. Alimkuta anamenya viazi, naye hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Mwalimu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikimwachia huyu leo, kesho atanifungia nje ya nyumba yangu. Amri inasema mtoto amheshimu mzazi. Haisemi mzazi apige hodi kwa mtoto."

"Kaa kwanza," alisema Mama Amri, baada ya kusikia kisa chote. "Mtu akikuita umfungulie mlango, unaanzaje?"

"Namuuliza nyumba ni ya nani. Akibabaika, simfungulii. Nitakuja kuitwa mwizi bure."

"Hata akiwa mchungaji?"

"Hata awe askofu!"

"Kumbe askofu anahitaji ruhusa, ila wewe hapana."

Fundi akajikuna kisogo. Mama Amri alidondosha kiazi kwenye maji, akachukua kingine.

"Yule mtume aliyewaandikia watoto wawatii wazazi hakuishia hapo. Papo hapo aliwageukia akina baba, akawaonya wasiwachokoze watoto wao. Watoto nawafundisha fungu lao kila mwaka. Lenu sijawahi kumfundisha mtu, maana nyinyi hamji darasani." Akacheka peke yake. "Na Bwana mwenyewe, fundi, tunaambiwa anasimama mlangoni anabisha. Unadhani anashindwa na kitasa?"

"Sasa kama anaweza kuingia, anabisha kwa nini?"

"Wewe ndiye mtu wa milango," alisema Mama Amri. "Nenda nalo hilo."

Akaenda nalo. Alilitafuna njia nzima, akapita kibandani kwake bila kujua amepita. Milango aliyoifungua maishani haina idadi, lakini alipofikiri vizuri, karibu yote ndani hamkuwa na mtu. Ndiyo maana aliitwa. Na pale palipokuwa na mtu ndani, alibisha kama mtu mwingine yeyote, akangoja. Hakuwahi kulitazama sanduku la Shangazi kuwa lina mtu ndani. Alijisikia vibaya, tena vibaya sana, na kwa mara ya kwanza vidole havikumwasha.

Jumamosi alimkuta binti anapiga pasi gauni jeupe la kesho. Kuona analipiga pasi kulimpa moyo.

"Mwanangu, kama nilikukosea..."

"Kama?"

Tangu azaliwe fundi hakuwahi kumsikia baba yeyote akimwomba mtoto msamaha. Baba yake mwenyewe, Mungu amrehemu, angepasuka kwanza.

"Nilikukosea. Nilifungua kisicho changu. Nisamehe."

Shangazi aliinua pasi, akamtazama baba yake kwa mshangao, kama anajaribu kukumbuka waliwahi kuonana wapi. "Nimesikia, Baba," alisema, akarudi kwenye gauni. Fundi alingoja aongeze neno.

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Watoto waliitwa mmoja mmoja, wakasema, wakaahidi, wakaenda kupiga magoti. Zamu ya Shangazi ilipofika, alitoka mbele na baba yake ubavuni, akasimama, akanyamaza.

Mtu akakohoa. Mkewe fundi, kwenye benchi la tatu, alifumba macho. Fundi akaona dawa ni moja: awaambie watu wote kwamba mwenye kosa ni yeye, kwamba alifungua sanduku la mtoto, ili asilaumiwe binti. Alikwisha kufungua mdomo, akajisahihisha. Kulitaja lile sanduku hapa ni kulifungua tena, safari hii kanisa zima likichungulia. Akainama sikioni mwa binti yake.

"Niwaambie kosa ni langu, au ninyamaze?"

Shangazi aligeuka kwa haraka. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Alifikiri kidogo. "Nyamaza, Baba."

Akanyamaza. Kwa mtu kama yule haikuwa kazi ndogo. Hakujua kama binti atasema au atarudi kukaa, alikufa kwa hamu ya kujua, na hakumgusa hata kiwiko. Watu walianza kunong'onezana. Ndipo Shangazi akainua uso, akaisema amri ya baba na mama mwanzo hadi mwisho, sauti haitetemeki, akaahidi kuishika.

Ilibaki amina ya mzazi. Mama Amri alimtazama fundi juu ya miwani mara ya kwanza, na mara ya pili, ndipo ikatoka, imekwaruza.

Ibada ilipokwisha, walitoka nje wakiwa bega kwa bega katikati ya msongamano.

"Bado nina hasira na wewe," alisema Shangazi taratibu, watu wasisikie.

"Zikiisha utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Haya, mama," alisema baba yake. "Nangoja."