Dume Lisilo na Nundu

Kila asubuhi Scolastika alifungua duka la uchapaji la Mama Chirag pale Kahama, akafagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, kisha akaketi kusugua herufi za taipureta kwa mswaki mkuukuu aliouchovya kwenye spiriti. Ijumaa hiyo ya mwaka 1999 hakuwa amefika hata katikati ya kazi pale Mzee Mihayo alipoingia bila hodi, akabandika karatasi juu ya kaunta kwa kofi.

"Nundu iko wapi?"

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nundu ya ng'ombe huyu iko wapi?"

Mzee Mihayo alikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya Madume, na mwaka huo alikuwa anagombea pia uenyekiti wa mtaa. Enzi za vyama vingi hizo. Kura moja ilitafutwa kama sindano kwenye pumba. Karatasi aliyoileta ilikuwa nembo ya jezi mpya, iliyotoka kwenye kompyuta jana yake: dume nene, jekundu, lenye mgongo ulionyooka kama meza.

Chirag, mtoto wa mwenye duka, alitoka chumba cha nyuma akifuta chai mdomoni. "Mzee, hiyo picha ni ya kimataifa. Imetoka kwenye sidii. Humo mna picha elfu tano."

"Elfu tano, na ng'ombe hamna hata mmoja?"

"Si huyo hapo!"

"Huyo ni kiboko aliyeota pembe. Wafugaji wameniuliza kama ni mgonjwa."

Scolastika aliinamia taipureta kuficha kicheko. Tangu atoke chuoni Tabora alikuwa amechora kila kilichochorwa dukani hapo, kadi za harusi, nembo za kwaya, mabango ya minada, yote kwa kalamu ya chuma juu ya stensili. Kisha ikaja kompyuta. Chirag akasema sasa mashine ndiyo itakayochora, yeye Scolastika apokee wateja. Hakuna aliyemfukuza. Aliombwa tu asogee kwenye kaunta, akasogea, akasema "sawa." Neno hilo lilimtoka kirahisi kuliko mate. Usiku mwingine aliota vidole vyake vinasahau.

Kamati ya timu ilikuwa imegawanyika. Vijana walilipenda dume la kompyuta kwa rangi zake. Wafugaji waliapa hawatashangilia mnyama asiye na nundu. Mzee Mihayo, mwenye wapiga kura pande zote mbili, aliamua shauri lile likatwe kama ngoma za Wasukuma zinavyokatwa. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza saa ileile, uwanja uleule, kila kundi upande wake, na anayeuvuta umati ndiye mshindi. Hapana jaji.

"Jumapili, kabla hatujacheza na timu ya Songwa," alimwambia Chirag. "Upande mmoja huyu wako. Upande wa pili mniwekee mwenye nundu."

"Hamna shida, Mzee."

Shida ilikuwapo. Chirag alipekua sidii yake hadi umeme ukakatika. Akakuta madume ya theluji, madume ya katuni, hata dume lenye miwani. Nundu hakuna. Jumamosi asubuhi akakata tamaa.

"Dada Scola, chora chochote basi. Watu watakuja kwangu tu."

"Sawa," alisema Scolastika, na safari hii neno lilikuwa na moto ndani yake.

Alitandaza kitambaa cha marekani sakafuni, akashika mkaa. Hakuwa na haja ya kubuni. Alilijua dume la baba yake kule Kishapu tangu likiwa ndama, na alilichora katika ule wakati linapoliona dume la zizi jingine ng'ambo ya lambo la kunyweshea: shingo chini, nundu imelalia kushoto, kwato ya mbele inachimba vumbi. Saa sita Mama Chirag alimletea chai, akasimama nayo mkononi hadi ikapoa.

"Huyu nani?"

"Wa baba, Mama."

"Mwambie asinivunjie vioo vyangu."

Jumapili uwanja ulifurika. Upande wa Chirag, dume lililoungwa kwa karatasi za rangi lilimeta juani, na redio kubwa ikapiga muziki. Watu wakamiminika huko. Picha ya kompyuta wengi walikuwa hawajawahi kuiona. Upande wa pili walisimama watu saba, watatu kati yao wakiwa wamefuata kivuli cha kitambaa. Scolastika alijificha nyuma yake, ameshika mti wa kukitundikia.

Ndipo Jilala, mfugaji aliyekuja mjini kuuza ndama, akauvuka uwanja peke yake, fimbo begani. Alisimama mbele ya dume la marekani. Akarudi hatua moja. Kisha akapiga mluzi mrefu, unaopanda na kushuka, ule wa kulizuia dume linapotaka kupigana.

Hakuna mfugaji anayeusikia mluzi huo akatulia. Wote waliokuwa kwa Chirag waligeuka na kukimbia, fimbo juu, kabla hata ya kufikiri. Walipofika wakaona wamekimbilia kitambaa, wakaangua kicheko hadi wakashikana mabega.

"Mshikeni! Atatuua huyu!"

"Tazama nundu! Limekasirika kweli!"

"Wabeja, asante sana mchoraji!"

Vijana wakawafuata kuona kinachochekesha, wachezaji wakafuata, hata wageni wa Songwa wakaja. Chirag alibaki na redio. Akaizima, naye akavuka.

Mzee Mihayo, aliyekuwa hajaambiwa nani kachora, akainua kipaza sauti cha mkono. "Wananchi! Madume wamelipata dume lao! Tuishukuru kompyuta ya Chirag! Karne mpya hiyo inaingia, ndugu zangu, mashine zinachora mpaka hasira!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Chirag akatazama viatu vyake. Scolastika aliisikia "sawa" ikimpanda kooni, tamu na nyepesi kama kawaida, na akajua kwamba akiitoa leo atakaa kwenye kaunta ile hadi azeeke.

Mama Chirag alimchoma kiwiko. "Ulimi umeufungia kabatini?"

Scolastika alitoka nyuma ya kitambaa, mkaa bado umo kwenye kucha. Alipiga goti kidogo mbele ya Mzee Mihayo, akanyoosha mikono yote miwili. Mzee, akidhani binti anataka kumpokea mzigo, akampa kipaza sauti. Pumzi ya Scolastika ilivuma uwanja mzima, akashtuka. Watu wakanyamaza.

"Kompyuta haijamchora," alisema. "Nimemchora mimi, Scolastika, binti wa Bartholomeo wa Kishapu. Kaunta apewe mtu mwingine. Mimi nataka kuchora, kwa mkono wangu, na kwa hiyo kompyuta pia."