Mahali pa Antena

Antena ya Sunil ilianza kutembea Jumatatu. Mwenyewe hakulipenda neno hilo, kwa sababu antena ilikuwa imefungwa kwa boliti juu ya paa la duka lake mjini Bukoba na haikuwa imesogea hata kidogo. Kilichosogea kilikuwa taarifa. Kipokezi kilichounganishwa nayo husikiliza setilaiti, hujua kiko wapi, na kwa kujua kiko wapi hujua ni saa ngapi, kwa usahihi ambao hakuna mkono wa saa unaoweza kuuonyesha. Sasa kilikuwa kinasema kwamba duka limesogea hatua moja kuelekea ziwani. Kesho yake kikasema hatua mbili.

"Saa zote hizo," alisema mkewe Mamta, akimwekea chai, "na bado kila siku unakuja mezani chakula kimepoa."

Sunil hakucheka. Jambo hili alikuwa amelisikia mara moja tu maishani, kwa Privatus.

Privatus alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Nshamba kule Muleba, na mwenzake katika kazi hii ya kutunza saa sahihi, isiyo na mshahara. Waliagiza vipokezi vyao pamoja, kutoka kiwanda kimoja. Kila siku mashine zao zililinganisha saa kupitia mtandao, zikitazama setilaiti zilezile kwa wakati uleule. Verdiana, fundi wa kompyuta wa Rwamishenye, na wapenzi wengine wachache waliweka saa zao kwa kufuata hizo mbili. Wiki chache kabla ya kufa, Privatus alipiga simu.

"Mzee wa nanosekunde! Antena yangu inatembea."

"Umebadilisha bati, mwalimu. Mawimbi yanagonga bati na kurudi."

"Bati ni lile la tangu mwanangu Avit anabatizwa. Na hayo mawimbi yako yangeyumba huku na huku. Hii inakwenda mstari mmoja, kama mtu aliyetumwa."

"Basi igandishe."

Ndiyo njia inayojulikana. Ukikiambia kipokezi kwamba kiko mahali fulani, huacha kujitafuta na kushughulika na saa tu. Privatus akagandisha. Tangu hapo saa yake ikaanza kukosea, kila siku zaidi ya jana, mpaka siku presha ilipomwangusha shambani. Sunil alikuwa Mwanza kwa mwanawe Rahul na mazishi hakuyawahi. Wala hakuwa amemuuliza Privatus antena inaelekea upande gani. Lilikuwa kosa la kitaalamu, na lilimuuma.

Sasa alihitaji jibu hilo. Kama vipokezi vilikuwa na ugonjwa mmoja wa kiwandani, vyote vingekwenda upande mmoja, naye angelala usingizi. Kama sivyo, basi kulikuwa na mahali antena ya Privatus ilikuwa inakwenda, na kulikuwa na mahali yake ilikuwa inakwenda.

Kule Nshamba Ephrasia, mjane wa Privatus, alimpokea barazani na kumwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna.

"Karibu, shemeji. Nilijua utakuja kuichukua mashine. Inakula umeme, lakini kuizima nimeogopa. Alisema mtu asiiguse."

"Siichukui. Nataka kuiuliza swali."

"Haya, iulize. Mwenzako naye alikuwa anaongea nayo, mimi naambiwa ninyamaze."

Sunil alipanda ngazi kwanza. Boliti zilikuwa zimeshikana na bati kwa kutu, na utando wa buibui ulioizunguka antena ulikuwa mzima. Akashuka, akakigandua kipokezi, kisha wakakaa wakitafuna kahawa mpaka kilipomaliza kujitafuta.

Jibu lilikuja: magharibi, kuteremkia kibanjani, kwenye shamba la migomba. Yake ilikuwa inakwenda mashariki.

Alichukua dira na futi kamba, akapita katikati ya migomba. Ephrasia alimfuata, ameshika ncha ya kamba bila kuuliza. Kamba ilitimiza umbali uliotajwa na kipokezi juu ya kaburi la Privatus, katikati, pale ambapo pangekuwa kifua. Sunil akatazama tena tarakimu za kimo alizokuwa amezinakili. Zilisema antena iko chini ya ardhi, kwa kina cha kimo cha mtu. Chini ya udongo setilaiti hazisikiki. Hilo limo katika kila kitabu. Kipokezi kilikuwa kinazisikia zote.

"Shemeji, kwa nini mlimzika hapa?"

"Hatukupachagua. Mwenyewe alitaka alale kule juu, kwa baba yake. Wakachimba, wakakuta mwamba. Protase, kaka yake, akasema tusishindane na jiwe, marehemu anasubiri. Wakahamia hapa asubuhi ileile ya kuzika."

"Una hakika mwamba haukujulikana kabla?"

"Ungejulikana, waitu, wangevunja sururu za watu?"

Sunil alihesabu kimyakimya, kama alivyozoea kuhesabu. Antena ilipoanza kutembea, Privatus alikuwa mzima, na hapakuwa na mtu aliyejua mahali hapa.

"Imesemaje?" Ephrasia aliuliza.

"Haitembei tena," alijibu. Na kweli, saa ya mashine ile ilikuwa imerudi kuwa sahihi.

Kesho yake, Bukoba, alitandaza ramani kwenye kaunta na kuchora mstari kutoka paa lake. Ulipita juu ya mapaa ya jirani, ukavuka barabara, ukafika kwenye uwanja mdogo karibu na ziwa. Pale ndipo mwili wa baba yake, Suryakant, ulipochomwa, na ndipo wanapochomwa wafu wote wa familia chache za Kihindu zilizobaki mjini.

Asubuhi hiyo kipokezi kilisema hatua nne.

Aliweka kidole kwenye kitufe cha kugandisha. Akibonyeza, mahali pa antena pangetulia. Saa ingeanza kudanganya, kidogo kidogo, na Verdiana na wenzake wangeupokea uongo huo bila kujua ulikotoka. Wakati huo huo simu ikaita.

"Mzee, ni Verdiana. Mashine ya Nshamba naona imepona. Ya kwako nayo iko sawa? Nataka kuweka za huku."

Sunil aliitazama ramani, kisha saa.

"Iko sahihi," alisema. "Weka."

Akaondoa kidole. Akazima taa ya kaunta na kupanda juu kwa Mamta. Chakula kilikuwa bado kinatoa mvuke.