Kokoto Nilizozifua

Niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mume wangu ni fundi wa kufuli, mtaa mzima unamwita Funguo, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu hakuwahi kuniletea chai kitandani. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu wa kuamka, kuvaa, na kuuliza shati liko wapi huku amelishika. Kwa hiyo asubuhi ile, wiki ya pili baada ya kuweka samaki uani, alipoingia chumbani na kikombe mkononi, nilimtazama usoni nikidhani kuna msiba.

"Kunywa," akasema. "Nje kuna baridi. Lala kidogo."

Nikanywa. Kesho yake ikaja tena, na kesho kutwa yake. Miezi mitatu naletewa chai kama bibi harusi, na mimi sikuacha kujisifu kwa wenzangu.

Turudi nyuma kidogo. Nilikuwa dobi wa hospitali miaka kumi na tisa. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, kilichopita mikononi mwangu kilitoka cheupe. Kisha hospitali ikaleta mashine, sisi tukaambiwa asanteni. Nikalala mwezi mzima nimeugeukia ukuta. Chakula sikitaki, wageni siwataki. Siku moja nikaona kwenye simu mwanamke anafuga samaki ndani ya pipa, na juu ya pipa kuna kitanda cha kokoto kimejaa mboga. Pampu ndogo inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto, mboga zinakula ule uchafu, maji yanarudi chini yakiwa safi. Udongo hakuna, jembe hakuna. Nikainuka kitandani.

Funguo akanitafutia mapipa mawili. Moja la samaki, la pili akalipasua ubavuni tukalijaza kokoto. Tukanunua vifaranga ishirini wa perege kwa bwana mmoja mwenye ndevu anayewauza, nikapanda spinachi.

Sasa mtu aliyefua miaka kumi na tisa umpe kokoto. Wiki haijaisha, zikaota utelezi wa kahawia unaonuka kidimbwi. Mimi na uchafu hatujawahi kuelewana. Jumamosi nikazitoa zote, beseni kwa beseni, nikazisugua kwa brashi na maji ya bomba mpaka ungeweza kuzipanga kabatini pamoja na vikombe. Kila Jumamosi ikawa hivyo. Mboga zinastawi, samaki wanaogelea. Jambo moja tu lilinishangaza: hawakui. Mwezi wa tatu unaingia, samaki bado ni wa kidole. Nikasema labda ni ukoo mfupi, kama ukweni kwangu.

Funguo alicheka sana siku hiyo. "Wewe una mkono wa samaki," akaniambia. "Kazi hii umezaliwa nayo." Kilemba cha ukoka, nami nikakivaa na kutembea nacho mtaa mzima.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, ana mgahawa wa viti sita. Wanaume wawili wameshamdanganya, kwa hiyo haamini mtu duniani ila mimi. Alipoona nimeacha ukuta akasema, "Dada, nifundishe." Nikamfundisha vyote. Mapipa, pampu, chakula kiasi gani. Na siri kubwa kuliko zote nikampa: usafi. Kila Jumamosi fua kokoto. Akafanya hivyo hivyo, maana akiambiwa na mimi huwa haulizi.

Samaki wake wakafa wote ndani ya siku tisa. Akaweka wengine, nao wakafa. Na wateja alikwisha kuwaahidi.

Akaja kwangu. Akasimama uani analitazama pipa langu, na Funguo ameketi pale kwenye kigoda anasugua ufunguo kwa tupa.

"Dada, kuna kitu hukuniambia."

"Nimekwambia vyote."

"Mbona wako wanaishi? Pipa ni lile lile, samaki tumenunua kwa mtu mmoja, kokoto nafua mpaka vidole vinachubuka. Ungesema tu hutaki nikufikie."

Nikaapa. Kwa mama yetu aliye kaburini, nikaapa. Akakaa chini, kwenye kizingiti cha mlango, akalia. Akasema kudanganywa na wanaume alishazoea, ila hakujua kwamba na mimi nilikuwa kwenye foleni. Tupa ya Funguo ikasimama. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaendelea kusugua. Mdogo wangu akaondoka, na kwa wiki tatu hakupokea simu yangu.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nikaona siwezi kumpoteza huyu kwa ajili ya samaki. Jumapili moja, kokoto zangu nimezifua jana yake, nikabeba ndoo kwenda kwa muuza vifaranga. Nia yangu ilikuwa nimnunulie wengine, niwapeleke mwenyewe, nikae kwake hata wiki nzima mpaka waishi, ajue sijamficha kitu.

Yule bwana aliponiona akacheka ndani ya ndevu zake.

"Leo umekuja mwenyewe, mama? Mzee hajambo? Mzigo wake nimeshauweka tayari."

"Mzigo gani?"

"Wa Jumapili." Akanionyesha beseni. "Kila wiki kumi, kumi na wawili. Namuuliza, mzee, mnawakaanga wakiwa hivi hivi? Ananiambia, nyamaza tu, ni zawadi ya mke wangu."

Niliigeuza ndoo nikaikalia. Alipouona uso wangu, kicheko kikamwisha. Akauliza wanakufa siku gani, nikamwambia sijawahi kumwona aliyekufa. Akauliza kokoto nazifanyaje.

"Nazifua."

Akashika kichwa. "Mama, ule utelezi ndio kazi yenyewe. Humo mna vijidudu vinavyogeuza mkojo wa samaki ukawa chakula cha mboga. Ukiufua, samaki wanaogelea kwenye mkojo wao mpaka wafe. Kila anayeanza hukosea mahali. Wa kwanza wakifa anakuja hapa, ananiuliza, namwambia, basi. Wewe mbona hukuja?"

Ningekujaje?

Nilirudi kwa miguu na ndoo tupu. Funguo alikuwa pale pale kwenye kigoda chake.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Aliiona ndoo, akaweka tupa chini. "Siku ya tisa. Niliamka nikakuta watatu wanaelea. Wewe umelala, na ulikuwa unacheka usingizini. Nikasema, akiwaona hawa atarudi ukutani."

"Na chai?"

Akainama. "Nilihitaji muda wa kuwatoa na kuweka wengine."

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na tisa nimekagua nguo za watu, pindo kwa pindo, zangu sikuzigusa.

"Nisikilize," nikamwambia. "Samaki ningekusamehe. Chai nayo ningejikaza kisabuni, nikakusamehe. Lakini mdogo wangu alikaa kwenye kizingiti kile akaniita mwongo, na wewe umekaa hapo jibu unalo mdomoni. Ukaendelea kusugua ufunguo."

"Niliona haya. Nilishafika mbali, ningesema nini?"

"Ungesema samaki wanakufa. Siku tisa, Funguo. Hukunipa hata wiki mbili nishindwe mwenyewe. Makosa yangu ulininyang'anya, nikaenda kumpa mdogo wangu nikidhani ni ujuzi."

"Nilikuonea huruma, mke wangu."

"Hukuniamini."

Nikamwambia asiliguse pipa, asinunue hata kifaranga mmoja, nikaingia ndani.

Jumatatu niliamka kabla yake nikabaki nimelala. Nikamsikia akinawa uso. Nikasikia birika. Nitasema kweli ingawa ni aibu: nilingoja. Kama angeingia na kikombe asubuhi ile, wakati hakuna tena cha kuficha, sijui ningefanya nini. Pengine ningekipokea. Akanywa yake, akachukua begi lake la vifaa, mlango ukafungwa.

Nikaenda uani. Saba walikuwa wanaelea, matumbo juu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona. Nikawatoa mmoja mmoja nikawaweka kwenye bakuli, nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikalibeba bakuli wazi mtaani mpaka mgahawani kwa mdogo wangu. Alikuwa ndio anawasha jiko. Aliponiona, mkono wake ukasimama.

"Ni wa nani hao?"

"Wangu. Wamekuwa wakifa tangu mwanzo, shemeji yako anawabadilisha alfajiri nisione. Kosa ni kufua kokoto. Nilikufundisha kuua samaki, mdogo wangu, na wangu wanakufa vile vile. Sikujua. Naapa sikujua."

Akalitazama bakuli. Nilikuwa tayari anitukane, na ningenyamaza. Akalipokea, akaliweka mezani, akanivutia kiti. Akatazama koti langu, na viatu vyangu vya uani.

"Dada," akasema, "umekunywa chai?"

Ni swali analomuuliza kila anayeingia pale asubuhi. Nikafungua kinywa nimjibu, nikashindwa, nikainamia meza ile kando ya samaki wangu nikalia mpaka wateja wa kwanza wakaingia.