Kiti cha Mzee Soobramoney

Kwa kuheshimu wakubwa, Phoenix nzima, mtaani kwetu, hakuna anayenifikia. Muulizeni mama yangu: tangu nizaliwe sijamtuma mzee hata glasi ya maji. Kwa hiyo haya niliyowasimulia abiria wenzangu gatini Durban, tulipokuwa tumekaa tukisubiri masanduku yashushwe melini, yapokeeni kama maneno ya mtu asiye na doa.

Anti Saras Pillay, karani mstaafu wa shule kule Chatsworth, alianza kuipanga chai ile miezi minne kabla ya safari. Alifungua kundi la simu, akawaingiza watu thelathini na mmoja waliokata tiketi ya meli moja ya kwenda Msumbiji na kurudi. Wengi hawakujuana. Siku ya pili ya safari, saa nne asubuhi, wangekutana kwenye kona iliyo kando ya maktaba ya meli, kila mtu na lebo kifuani yenye jina na namba ya chumba, wanywe chai na kufahamiana.

"Chakula cha meli hakina pilipili, Saras," mmoja aliandika. "Tutarudi wembamba."

"Bebeni achari."

"Mikoba wanapekua."

"Slipa hawapekui," akajibu Anti Rookaya, jirani yake Saras, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya lebo.

Baada ya mabishano ya achari, Saras aliandika ombi lake moja. Baba yake angekuwepo. Apewe kile kiti chenye mikono, kinachopakana na dirisha, na mtu yeyote asimwinue.

Baba yake, Mzee Soobramoney, alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita, na majivu yake yalimwagwa pale mto Umgeni unapoingia baharini. Kila mwaka Saras humwandalia wali na mboga juu ya jani la mgomba. Mwaka huu, mzee alipomaliza kula, Saras alimuuliza kama kuna kitu anachokosa. Mzee akafikiri. Alisema amehudumu mezani kwenye meli za abiria miaka thelathini na mmoja na hajawahi kukaa kwenye kiti cha meli.

"Kitandani nimelala," alisema. "Kiti, hapana."

Saras akamkatia tiketi.

Meli ilipofika kwenye ukuta wa bandari ikitoka, rubani wa bandari aliyeiongoza aliteremka kwa ngazi ya kamba kurudi kwenye boti yake, na Mzee Soobramoney akapishana naye akipanda. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Alivaa koti jeupe la kazi, lile alilochomwa nalo, maana ndilo lililokuwa koti lake zuri. Mlinzi aliangalia kadi, akaangalia uso.

"Karibu, mzee. Futa miguu."

Saras alikuwa amempigia pasi suti ya bluu. Mzee akavua koti jeupe. Chini yake kulikuwa na koti jeupe jingine. Akavua hilo pia. Walipofika la nne Saras aliyakunja yote, akayaweka kitandani, akairudisha suti kabatini.

Siku ya pili, saa nne, watu wakajaa kwenye kona. Bhajia zilitoka kwenye slipa. Anti Rookaya aliandika jina la mzee kwa ukamilifu, likachukua lebo mbili.

"Si lazima yote hayo," mzee alisema. "Melini waliniita Sam. Abiria hawakuwa na muda."

"Leo wana muda," akasema Rookaya, akazigandamiza lebo kifuani kwake kwa kiganja.

Saras alimshika baba yake kiwiko, akampeleka kwenye kiti. Watu wakampisha njia. Mzee aliushika mkono wa kushoto wa kiti, kisha wa kulia, akaanza kukunja magoti. Ilibaki kama shubiri moja.

Hapo kijana mmoja mwenye shati la maua, aliyechelewa na ambaye hakuwa amesoma ujumbe wote wa kundi, aliona koti jeupe akapiga vidole mara mbili.

"Wewe, barafu huku!"

Magoti ya mzee yakanyooka.

"Ndiyo, bwana."

Alileta barafu. Kisha aliona vikombe vitupu, akachukua sinia. Aliwahudumia wote thelathini na mmoja, leso imekunjwa juu ya mkono wa kushoto, na chai haikumwagika hata tone.

"Appa, kaa," Saras alimwambia.

"Nikimaliza, mwanangu."

"Utamaliza lini?"

Mzee alitazama vikombe, akahesabu kwa macho. Lebo zake zote mbili sasa zilisomeka Sam. Rookaya alizibandua, akaandika upya kwa kalamu ileile, na kalamu ikaandika Sam.

Mkuu wa wahudumu alipita, akaona namna leso ile ilivyokunjwa, akampangia meza sita za chakula cha mchana. Siku zote zilizobaki Saras alikula kwenye moja ya meza hizo, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuwa na baba yake. Mzee alimwekea sahani. Saras alisema asante. Kiti cha dirishani kilibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Leo asubuhi, kwenye ukuta wa bandari, rubani alipanda, na Mzee Soobramoney akapishana naye akiteremka. Alikuwa amekwisha kufuta meza zake.

Nikaishia hapo kusimulia, pale gatini. Saras alikuwa kwenye benchi la pili, makoti manne mapajani. Mtu mmoja akaniuliza huyo kijana asiye na adabu ni nani, tumjue.

"Jina sikulishika," nikasema. "Vijana wa siku hizi, mnawajua."

Anti Rookaya, aliyekuwa amekalia kikapu chake, aliinuka polepole. Akanijia, akanisogeza kola ya shati, akabandua kitu kifuani pangu na kukisoma kwa sauti ili benchi la pili lisikie.

"Prashen. Chumba 6114. Mwandiko wangu huu," alisema. "Na maua nayakumbuka."